Vuka, Mwanangu

Dereva aliyempungia mkono alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nilitaka sana kumchukia, nikashindwa. Daladala yake ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, saa moja kasorobo asubuhi, kila abiria anawahi mjini. Akamwona mtoto wa kike, ushungi mweupe, mkoba mgongoni, kasimama ukingoni mwa barabara. Akafunga breki, akatoa mkono dirishani, akasema, "Vuka, mwanangu."

Mwanangu akavuka.

Hakutazama kulia wala kushoto. Mtu mzima kamwambia avuke, basi. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua sita hivi, mdogo wake nimembeba kiunoni, maana ilikuwa wiki ya majaribio: yeye atangulie, mimi nifuate kama sipo. Nilichokiona mimi, na dereva asikione, ni vespa iliyokuwa nyuma ya daladala. Mwenyewe amechoka kungoja, anachomoza upande wa kulia apite zake. Nilipiga ukelele mpaka kichanga kikaanza kulia. Vespa ikaserereka, ikasimama imekaa upande, usukani wake umegusa mkoba wa mtoto. Mkoba tu. Alhamdulillahi.

Kijana wa vespa alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Dereva wa daladala alishuka, akashika kichwa kwa mikono miwili. Sikuwa na la kumwambia yeyote. Nilimshika mwanangu, tukarudi upande wetu, nikamuuliza kwa nini hakutazama kama tulivyofundishana siku kumi nzima. Akanijibu huku machozi yanamtoka: "Mama, si kanambia nivuke?"

Jibu hilo nimelala nalo na kuamka nalo miezi mingi. Tangu hapo kila mzazi mwenzangu akiniuliza mtoto anafaa kwenda skuli peke yake akiwa na miaka mingapi, nashindwa kumtajia umri. Hukumbuka sauti ile tu.

Sisi tunakaa Fuoni, hapa Unguja, ndani kidogo. Skuli iko ng'ambo ya barabara kuu, dakika kumi na mbili kwa mwendo wa mtoto asiyechezacheza njiani. Yeye ana miaka minane, yuko darasa la tatu, mkondo wa asubuhi. Baba yake anafanya kazi hotelini upande wa mashariki, gari ya wafanyakazi inamchukua kabla hakujakucha. Mimi nashona nguo nyumbani. Nilikuwa nampeleka na kumrudisha kila siku, mpaka alipozaliwa mdogo wake kwa upasuaji na daktari akanambia nisibebe kitu wala nisitembee mwendo mrefu kwa wiki kadhaa. Wiki zile jirani yangu alimchukua pamoja na wanawe. Nilipopona, mtoto mwenyewe akasema anataka kwenda peke yake. Wenzake watatu wa darasani wanakwenda wenyewe, yeye tu ndiye anayeletwa na mama kama mtoto wa maandalizi.

Mama mkwe aliona sina hata la kufikiri. Yeye alianza skuli miaka michache baada ya tarehe 23 Septemba 1964, siku ilipotangazwa kwamba elimu Zanzibar itakuwa bila malipo, na akiisimulia safari yake ya kwenda skuli utadhani anakwenda hija: umande, miba, njaa, furaha. "Tulikwenda wenyewe," anasema. "Nani angetupeleka? Wazee wako shamba."

Na mimi nilikwenda mwenyewe. Nimezaliwa Wete, kule Pemba, na njia yangu ya skuli ilipita kwenye mikarafuu, ikashuka bondeni penye mpunga, ikapanda tena. Siku ya usafi tulibeba fagio na dumu la maji. Lakini nilipokaa nikafikiri vizuri niligundua kuwa hilo neno "mwenyewe" tunalitumia vibaya. Sikumbuki hata siku moja niliyopita bonde lile peke yangu. Tulikuwa watoto saba au wanane, mkubwa wetu yuko darasa la sita, na yeye ndiye aliyesema tupite wapi, tusimame wapi, nani avue viatu. Mdogo akichoka alibebwa. Gari tulilisikia tangu liko chini ya mlima, linanguruma, dereva anabadilisha gia, na mpaka lifike sisi tumeshapanda juu ya kingo, tunalisubiri tulipungie. Hatukuwa na ujasiri wowote. Tulikuwa na kundi, na tulikuwa na gari moja kwa nusu saa.

Nimesoma kwamba Japani mpaka leo watoto wengi wa skuli za msingi hukusanyana mtaani asubuhi, wakenda kwa kundi, wakubwa wametangulia, na wa darasa la kwanza wamevaa kofia za njano ili madereva wawaone. Niliposoma nikaiona Wete. Uingereza nako, mwaka 1971, watoto wanne katika kila watano wa umri wa miaka saba na minane walikwenda skuli bila ya mtu mzima. Kufika 1990 walikuwa hawafiki hata mmoja katika kumi. Watoto hawakupungua akili katika miaka kumi na tisa. Magari ndiyo yaliyoongezeka, na wazazi wakaingia hofu. Hapa kwetu tunapita njia hiyohiyo. Mitaa mingi ya mjini imetiwa lami miaka hii, na mimi ni wa kwanza kushukuru, kwa sababu masika yetu ya zamani yalikuwa ni kuvua viatu na kukunja nguo mpaka magotini. Lakini lami ikija na mwendo unakuja. Njia ambayo bodaboda ilikuwa inayumba kukwepa mashimo, sasa inapita kama upepo.

Nataka nieleze jambo moja kwa urefu, kwa sababu lingenifaa sana kama mtu angenieleza mapema.

Nilidhani kuvuka barabara ni suala la kukumbuka: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kwa kuwa kwetu gari zinakwenda upande wa kushoto na ya kwanza kukufikia inatoka kulia. Mwanangu aliikumbuka kanuni hiyo vizuri kabisa, aliniimbia. Tatizo ni kwamba alikuwa anatazama bila kuona. Watafiti wa chuo kikuu cha Royal Holloway huko Uingereza waliwapima watoto wa skuli za msingi, wakakuta kuwa chombo kikija kwa kasi inayozidi kama kilomita 32 kwa saa, mtoto hawezi kuitambua kasi ile kwa uhakika. Sababu yake iko machoni na kwenye ubongo unaoendelea kukua. Tunajua kitu kinatujia kwa kuona umbo lake linakuwa kubwa. Chombo cha mbali kinachokuja mbio, umbo lake halikui haraka mpaka kimeshakaribia. Kwa mtoto, ni kama kimesimama. Na chombo chembamba kama vespa au bodaboda ndio balaa zaidi, maana umbo lenyewe dogo tangu mwanzo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa, waliwapima watoto kwa barabara ya kwenye picha za kompyuta, na mwaka 2017 wakasema ni mpaka miaka kumi na minne hivi ndipo mtoto anavuka barabara yenye shughuli kwa uhakika kama mtu mzima.

Miaka kumi na minne! Nilipoyasoma hayo nilifunga simu, nikakaa na sindano mkononi bila ya kushona. Sitaweza kumshika mkono mpaka afike kidato.

Lakini baadaye nikaona kuna njia. Kama jicho lake haliwezi kupima mwendo, asipime. Jumapili moja mapema tulikwenda barabarani, mimi, yeye na baba yake. Tukamvusha mara tano, baba yake anahesabu. Kuvuka kulimchukua hatua kumi na mbili, na sekunde sita, mara nyengine saba. Chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa hukata mita karibu 17 kwa kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde saba kinakula kama mita 120. Nikazipima kwa miguu yangu upande wa kulia, hatua 160, nikafika karibu na mwembe mkubwa ambao vijana huweka baiskeli zao. Upande wa kushoto umbali huohuo uliishia kwenye nguzo ya umeme iliyobandikwa tangazo. Basi kanuni yetu ikawa hiyo. Kitu chochote chenye magurudumu kikiwa kati ya mwembe na nguzo, havuki. Hata kikiwa kinakwenda polepole. Hata ikiwa gari ya ng'ombe. Hapimi mwendo, anaangalia mwembe.

Hilo alilishika kwa siku mbili. Mtoto wa miaka minane anaweza kuuangalia mwembe vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo asubuhi ile ya daladala, mwembe ulikuwa upo, nguzo ipo, kanuni ipo kichwani. Kilichoivunja ni ile sauti ya upole ya mtu mzima. Tukaongeza kanuni nyengine: gari iliyokusimamia ni ukuta. Ukifika kwenye pembe yake unasimama tena, unachungulia ng'ambo ya ukuta, ndipo unaendelea. Mkono wa dereva unaona mbele tu, hauoni kilichoko nyuma yake. Na mtu mzima yeyote akikwambia vuka, sema ahsante, kisha tazama mwembe wako.

"Hata akiwa mwalimu?" akaniuliza.

"Hata akiwa mwalimu."

"Hata akiwa bibi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa barabara ilikuwa nusu ya kazi, na ile nusu nyepesi.

Tumewalea watoto wetu watii. Mimi siyaoni hayo kuwa makosa, na sitaki msomaji afikiri naandika kuidharau adabu yetu. Mtoto wa kwetu akipita barazani kwa wazee hutoa shikamoo na akapokea mikono. Mtu mzima yeyote wa mtaani anaweza kumtuma: "Njoo mwanangu, kanichukulie mkate wa mofa pale," na mtoto akaweka mkoba chini akaenda. Asipokwenda, kabla ya Magharibi mama yake atakuwa ameshasikia. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo na nimefaidika hivyo. Siku za uzazi wangu ni watoto wa watu walionichotea maji. Lakini mtoto huyo huyo, tuliyemfunza tangu anatambaa kwamba mkubwa akisema hakataliwi, ndiye tunayemtoa mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi apite mbele ya wakubwa hamsini tusiowajua vizuri nyoyo zao.

Hofu yangu kubwa nilikuwa nimeiweka kwa mgeni, yule mtu wa kuja na gari la vioo vyeusi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, kwa hiyo kwanza nilitakiwa niiogope vespa. Na kuhusu watu, utafiti wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Bara na Zanzibar na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana waliofanyiwa udhalilishaji utotoni ni nani aliyewafanyia na wapi. Majirani walitajwa sana. Njia ya kwenda na kurudi skuli ilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Jirani ndiye hasa mtu ambaye mwanangu amefunzwa kumtii.

Basi nikaanza kumfundisha kukataa. Barabara ilinichukua wiki mbili. Hili limenichukua karibu mwaka, na bado.

Tulifanyia mazoezi uani. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikanyoosha mikono kama nimeshika usukani, nikasema, "Panda mwanangu nikufikishe, jua kali hili." Mara ya kwanza alikuja akakaa nyuma yangu juu ya kigoda, akanishika kiuno. Nikamweleza. Mara ya pili alisimama, akainama, vidole vya miguu vinachora mchangani, hakusema kitu. Mara ya tatu alisema, lakini sauti haikutoka. Nilimtazama mdomo wake mdogo unavyosogea, nikaingiwa na huruma iliyonikaba koo, kwa sababu nililiona jambo analopigana nalo. Alikuwa anajiona mkosefu wa adabu mbele ya mama yake.

Tukaitafuta sentensi ambayo haitamuumiza. Alizikataa zangu mbili. "Sitaki" aliiona ni ya jeuri. "Mama kanikataza" aliona itanifanya mimi nionekane mbaya. Tukakubaliana: "Ahsante, natembea." Maneno mawili, anayasema huku anakwenda, hasimami. Kusimama ndiko kunakomtia mtu kwenye maneno mengi. Na tukaweka neno letu la siri. Mtu yeyote atakayekuja kumchukua akasema katumwa na mama, aulizwe neno. Alilichagua yeye: shokishoki. Sasa tumeshalibadilisha, ndiyo maana nalitaja.

Mama mkwe alitukuta kwenye mazoezi hayo jioni moja. Alikaa kwenye mkeka wake muda mrefu bila ya neno, tasbihi mkononi, kisha akaniita ndani. "Unamfundisha jeuri mtoto," akasema. "Kesho atanijibu hivyohivyo mimi nikimtuma."

Sikumjibu palepale. Nilimmiminia chai, nikamsimulia tena habari ya daladala, na habari ya ule utafiti, na majirani. Alinyamaza sana. Halafu akanambia kitu ambacho sikukitarajia. Alisema mama yake, alipokuwa akimtoa kwenda chuoni kusoma Kurani na skuli, kila siku alimwambia maneno yaleyale: "Ukiitwa na mtu, jibu ukiwa njiani. Usiingie ukumbini kwa mtu hata ukiitwa kula." Alikuwa amekwisha yasahau. Nilimwona anayasikiliza maneno yake mwenyewe baada ya kuyasema. Kumbe wazee wetu walikuwa na mafunzo ya kukataa, walikuwa wanayatia ndani ya adabu yenyewe, na sisi katikati hapa tumebakiwa na adabu, tukapoteza lile la ukumbini. Tangu siku hiyo ni yeye anayemwambia mjukuu wake kila asubuhi: jibu ukiwa njiani.

Jaribio la kwanza la kweli lilikuja mwezi mmoja baadaye. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa msikitini, mwenye wajukuu wa umri huohuo, alimsimamia na vespa yake. Mtoto akasema, "Ahsante, natembea," akaendelea. Mchana mzee akaja mlangoni. Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia. "Mwanao kanikataa kama ananiogopa," akasema. Nilimkaribisha, nikamweleza kila kitu bila ya kuficha, pamoja na kwamba hatukumfikiria yeye. Nilimwambia: mtoto wa miaka minane hawezi kumjua mtu mwema kwa kumtazama, mimi pia siwezi, kwa hiyo anakataa wote. Alitazama chini muda. Akauliza kama wajukuu zake nao wafundishwe. Siku hizi akimpita njiani hupunguza mwendo, akasema tu, "Nimekuona, mwanangu," akaenda zake. Hiyo peke yake inanitosha.

Kuhusu barabara yenyewe, nitasema kidogo, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Bwana harusi akipita hupishwa, na mtoto wa skuli apishwe vivyo hivyo. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Stina Sandels, aliwachunguza watoto barabarani miaka ya 1960, akafika mahali akasema mtoto mdogo hawezi kugeuzwa alingane na magari, kwa hiyo magari ndiyo yalinganishwe na mtoto. Si mambo ya Ulaya pekee. Hapo Dar es Salaam, ng'ambo ya maji tu, shirika la usalama barabarani la Amend limetengeneza njia za waendao kwa miguu, matuta na vivuko karibu na skuli, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Wala hawakujenga makubwa. Wamepunguza mwendo pale watoto wanapopita. Sisi kina mama kumi na mmoja tulikwenda kwa sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa mtaani, akatupokea vizuri, barua ikaandikwa ya kuomba matuta mawili na mistari ya pundamilia. Bado tunangoja. Nitaendelea kuuliza, na naomba kila mama anayesoma hapa aulize kwa sheha wake, kwa sababu mwembe wangu haumsaidii mtoto wa mtaa mwengine.

Na kuna safari ambayo bado sijamwachia. Chuoni anakwenda baada ya Alasiri na kurudi Magharibi inakaribia, njia fupi kuliko ya skuli, lakini saa hizo jua liko usoni mwa madereva wanaoelekea mjini na giza linaingia upesi. Mwezi wa Ramadhani ndio zaidi, kila mwenye chombo anawahi futari nyumbani. Kwa safari hiyo anafuatana na watoto wa jirani, na mkubwa wao ana miaka kumi na tatu. Alinuna siku mbili. Nikamwambia kundi si aibu, mimi nimekwenda nalo miaka yote ya msingi. Asubuhi ni yake, jioni ni ya kundi.

Siku ya kwanza ya peke yake hasa, bila ya mimi nyuma, nilisimama dukani mahali ninapouona mwembe. Alifika ukingoni, akasimama. Ikapita bodaboda, ikapita lori la mchanga, ikapita gari ndogo, kisha barabara ikawa tupu kabisa kwangu mimi. Yeye hakuvuka. Nilisogea nione. Mbali, mbali sana, ndani ya mwembe kidogo, alikuwa mzee kwenye baiskeli anakanyaga taratibu na majani ya ng'ombe nyuma. Mwanangu alimngoja mpaka akampita. Wakaamkiana. Kisha akatazama, akavuka, hatua kumi na mbili, hakugeuka nyuma.

Masika yaliyofuata kaka yangu alikuja kutoka Pemba, kaja na boti ya siku ile ile, kwa shughuli zake za mjini. Aliazima gari ya rafiki yake. Mchana mvua ikaanza kunyesha, mvua ile ya kutotazamika, maji yanakuja ubavuni. Nikamwambia, "Hebu nifanyie hisani, mchukue mwanao, wanatoka saa hizi." Akaenda. Baada ya nusu saa akarudi peke yake, kanzu imemganda mwilini, uso umebadilika.

"Kanikatalia," akasema. "Mbele ya watu. Nimemshushia kioo, nimemwita kwa jina, anasema ahsante natembea. Mimi, mjomba wake!"

Nilikimbilia mlangoni. Kabla sijapata khanga ya kujifunika, mwanangu akatokeza kwenye kona ya njia, mkoba ameukumbatia kifuani chini ya ushungi, anakwenda mwendo wake uleule. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka mpaka mvua ilipopungua. Aliingia, akamwamkia mjomba wake kwa adabu, akapokea mkono wake na kuubusu. Kisha akanigeukia.

"Hakunambia neno," akasema.

Nilikuwa sikumpa.

"Neno gani?" akauliza kaka yangu.

Mwanangu alinitazama, anangoja. Nikamwitikia kwa kichwa. Akasogea mpaka kwenye kiti cha mjomba wake, maji yanamchuruzika kwenye pindo la ushungi, akaziba pembeni mwa mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni.